Mstari wa Kumi na Moja

Umeme umekatika tangu saa kumi na mbili.
Tumekaa kwenye kitanda cha kaka yangu,
mshumaa ndani ya kopo la nyanya,
daftari magotini.
Murhula anasoma, mimi nafuta.

"Sali ya kando ya ziwa, dola mia sita."
Futa.
Mia sita ni mabati ya nyumba nzima,
na chumba tulichopata hapa Kadutu
kinavuja pembe tatu.
Ya nne ndiyo tutakayolala.

"Magari manne yenye maua."
Futa. Kutoka barabarani hadi kanisani
ni ngazi mia moja kumi na mbili,
nimezihesabu tangu utoto, bidoni kichwani.
Gari gani litazipanda?

"Keki ya ghorofa tano."
Hapo akacheka hadi mshumaa ukayumba.
Mama Nsimire atakaanga mandazi,
atayapanga kama kilima cha Panzi,
na anayetaka kukiita keki akiite.

Pasta amesema: njooni Jumapili,
kati ya sadaka na mahubiri.
Watu watakuwa wameshavaa vizuri,
kwaya imeshafanya mazoezi,
na benchi za Mungu hazikodishwi.

Shangazi Cibalonza alisikia, akaja na mvua yake usoni.
"Mtaniaibisha! Yesu mwenyewe alikwenda arusini,
divai ikajaa mitungi sita mpaka ukingoni!"
Nikasema, shangazi,
mitungi ile ilikuwa ya maji.
Maji hata sisi tunayo,
Jumanne na Ijumaa,
Regideso ikipenda.

Akaondoka bila kuaga.
Jioni akamtuma mtoto
na sahani thelathini za bati, za buluu,
zimefungwa ndani ya kitenge, bila salamu.

Gauni ni la Mama Faida wa kwaya.
Limeshaolewa mara saba kabla yangu.
Nimelilaza kwenye cherehani, nikalisoma:
hapa mmoja alikuwa na mimba ya miezi minne,
hapa mwingine alikanyagwa wakati wa kucheza,
na chini ya kwapa doa la yule aliyeogopa.
Nimelipunguza kiunoni kwa uzi mrefu,
uzi wa kufumuka kirahisi.
Wa tisa anakuja, simjui.

Tukafika mstari wa kumi na moja.
Mwandiko wa Murhula, mdogo, umejibana ukingoni:
*Wabebaji. Dola nne.*
Kalamu yangu ikaenda yenyewe.
Akanishika mkono.

Wabebaji wa nini? Hatuna kreti, hatuna muziki,
viti ni vya kanisa, sambaza tutabeba wenyewe.

"Koko wako," akasema. "Goti lake.
Nimeongea na wanawake wawili wa Muhanzi,
wale wa magunia ya makala.
Wamesema inawezekana:
kiti cha mbao, mikanda miwili,
wakibadilishana kila ngazi ishirini."

Nilizihesabu ngazi zile miaka yote.
Sikuwahi kuzihesabu kwa goti lake.

Nikashuka kumwambia asubuhi.
Alikuwa anachambua maharage,
hakuinua macho.
"Mimi gunia la makala?"
Akatupa jiwe dogo nje ya mlango.
"Hao wanawake waiteni. Wapeni dola zao,
wapeni benchi ya mbele, wale washibe,
Jumapili moja migongo yao ikae wima.
Mimi nina miguu yangu.
Nitaanza kupanda Jumamosi."

Tulirudi kwenye daftari.
Mstari wa kumi na moja haukufutwa.
Chini yake Murhula akaongeza mmoja,
akaupigia mstari kwa rula ya shule:
*Ngazi ya hamsini na sita, kwa Mama Nsimire.
Godoro moja, usiku mmoja, kwa ajili ya Koko.
Bure.*